Jiko na ghala: kuchagua diski ya kompyuta ya nyumbani hapa Mwanza

Mezani kwangu hapa Nyakato nimepanga diski nne kama mafungu ya sato. Ya kwanza ni diski ya kuzunguka ya inchi 3.5, chuma kizito ambacho kikikuangukia kidole cha mguu utakikumbuka wiki nzima. Ya pili ni SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kinachozunguka, ya SATA (njia ya kuiunganisha na mashine), inchi 2.5, unene milimita 7, nyepesi kiasi kwamba dada yangu alipoishika aliitikisa sikioni akasema, "Kaka, wamekuuzia kasha tupu." Ya tatu ni NVMe, nayo SSD ila ya njia ya kasi zaidi, kijibamba cha milimita 22 kwa 80, yaani upana wa kidole gumba na urefu wa kidole cha kati. Ya nne ni ya nje, ya kuchomeka kwa USB. Ina mchubuko kwenye kona, na mchubuko huo una kisa chake, tutakifikia.

Wengi wanaoniuliza "ninunue ipi?" wanakuja wakiwa wameshajazwa neno moja: weka SSD, mashine itapaa. Kupaa itapaa. Ambacho muuzaji hakuulizi ni kwamba utaweka nini humo, na siku ikifa utakuwa umepoteza nini. Kompyuta ya nyumbani ina kazi mbili, kama nyumba yenyewe ilivyo na jiko na ghala. Jikoni ndipo Windows na programu zinapokaa, pilikapilika tupu, kila mtu anataka chakula sasa hivi. Ghalani kuna picha za harusi, video za mtoto akianza kutambaa, vyeti vilivyoskaniwa, hesabu za duka. Jiko likiungua unajenga jingine kwa siku moja. Ghala likiungua, mavuno ya miaka yote yamekwenda. Watu wanataka diski moja ifanye kazi zote mbili, na lawama nyingi ninazozisikia zinaanzia hapo.

Vigezo, kabla ya majina

Zote nne nitazipima kwa mambo yaleyale matano.

Kasi kwanza, na kasi ni mbili. Kuna ya kubeba mzigo mkubwa kwa mkupuo, ile inayohesabiwa kwa megabaiti (MB) kwa sekunde, na kuna ya kuokota vitu vidogo vilivyotapakaa kila kona. Kuwasha Windows na kufungua programu ni kuokota. Ndiyo maana namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi haitoshi kukuambia kila kitu.

Pili ni nafasi kwa pesa. Sitaandika shilingi, maana bei ya mjini inacheza na dola. Nitasema ipi ghali kuliko ipi. Ila moja ulijue mapema usije ukagombana na muuzaji: mtengenezaji anahesabu terabaiti (TB) moja kuwa baiti trilioni moja, Windows inagawanya kwa 1,024 kila hatua. Diski ya TB 1 itaonekana kama GB 931, ya GB 500 kama 465. Hujaibiwa.

Tatu, umeme na misukosuko: kukatika ghafla, radi za masika, kubebwa kwenye bodaboda kupanda mawe ya Mabatini. Nne, inavyokufa, yaani kama inaaga kwanza au inazima kimya, na kama fundi anaweza kuokoa kitu. Tano, kama mashine uliyonayo ina mahali pa kuifunga. Kigezo hiki cha tano watu hukikumbuka wakiwa wameshalipa.

Diski ya kuzunguka, ya kufunga ndani

*Kasi.* Ndani mna sahani zinazozunguka na mkono wenye kichwa kinachoelea juu yake bila kuigusa. Ya mizunguko 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja unakula kama milisekunde 8.3. Kichwa kikifika kikakuta taarifa inayotafutwa imeshapita, kinasubiri izunguke tena, kama abiria wa Buhongwa aliyefika kituoni daladala ikiwa inaondoka. Ongeza muda wa mkono kusogea, unapata maombi madogo kama 80 hadi 100 kwa sekunde, basi. Windows inapowaka inaomba maelfu. Ile taa ya mbele inayowaka bila kuzima huku wewe umeshaenda kuchemsha chai ndiyo foleni hiyo. Kwa mzigo mkubwa uliopangika, diski hii haina aibu: za mezani hubeba MB 150 hadi 200 kwa sekunde, ndogo za kompyuta mpakato karibu 100.

*Nafasi.* Hapa hakuna wa kuigusa. Kwa pesa ya SSD ya wastani unapata diski ya kuzunguka yenye nafasi mara kadhaa zaidi. Ukinunua kwa ajili ya kuhariri video, uliza kama ni ya aina ya SMR. Aina hiyo huandika njia zikilaliana kama vigae, na ukiimwagia mzigo mkubwa mfululizo inaanza kukokota miguu. Kwa kutunzia tu, SMR haina tatizo.

*Umeme na misukosuko.* Umeme ukikatika, nguvu ya sahani ambazo bado zinazunguka hutumika kukirudisha kichwa kwenye maegesho yake. Ni ufundi uliokomaa. Diski ya kwanza ya namna hii IBM waliitoa mwaka 1956, sahani 50 za kipenyo cha inchi 24, na zote kwa pamoja zilibeba herufi milioni 5 tu. Kwa hiyo diski yenyewe kwa kawaida inasalimika, kinachoharibika ni faili lililokuwa linaandikwa saa ile. Adui mkubwa ni kugongwa ikiwa inazunguka. Ikiwa imezimwa inavumilia safari, ila uifunge kwenye kitambaa kinene, usiitupe tu kwenye begi na chaja.

*Inavyokufa.* Mara nyingi inaaga. Faili moja linachelewa kufunguka, mashine inaganda kidogo, kisha unasikia tik, tik, tik kama saa ya ukutani. Ukisikia mlio huo usiwashe tena kujaribu bahati. Kila kuwasha kunazidi kuikwaruza. Kabla haijafika huko, fundi anaweza kutoa vitu vingi, na hata faili ulilofuta kwa bahati mbaya mara nyingi linapatikana kama hujaandika kitu juu yake.

*Kuingia.* Ya inchi 3.5 ni ya kompyuta ya mezani, ya 2.5 ni ya kompyuta mpakato. Pima unene: nyingi ni milimita 7 au 9.5, na nafasi ya 7 haitaipokea ya 9.5 hata uisukume vipi.

*Anayefaa.* Mwenye kompyuta ya mezani na ghala linalokua, asiye na haraka.

Neno kuhusu za mtumba, maana mjini ndizo nyingi. Omba uichomeke kwenye kompyuta ya dukani na ufungue CrystalDiskInfo, programu ya bure. Angalia mistari mitatu: sekta (vijipande vya diski) zilizohamishwa kwa kuharibika (Reallocated), sekta zinazosubiri (Pending), na saa ilizofanya kazi (Power On Hours). Miwili ya kwanza nataka isome sifuri. Saa, kumbuka mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hiyo diski yenye 40,000 imekaa macho zaidi ya miaka minne na nusu bila kulala. Nyingi za namna hiyo zimetoka kwenye rekoda za kamera za ulinzi. Si lazima uikatae, ila ilipe bei ya mzee. Na kwa kuwa mjanja anaweza kuzifuta namba hizo, weka na sikio lako pale pale.

SSD ya SATA

*Kasi.* Hakuna kinachozunguka, ni chipu tupu, kwa hiyo hakuna kusubiri daladala. Mzigo mkubwa inabeba hadi MB 550 hivi kwa sekunde, ambao ndio ukomo wa njia ya SATA ya tatu. Mashine ya zamani yenye SATA ya pili itaipunguza hadi nusu, na bado mtumiaji hatalalamika, kwa sababu utamu wake uko kwenye kuokota vitu vidogo. Mpwa wangu anayesoma Malimbe aliniletea kompyuta mpakato ya mwaka 2013 akitaka aiuze. Ilikuwa ukiiwasha unaweza kupiga mswaki ukarudi. Tulibadilisha diski tu, kumbukumbu (RAM) tukaiacha ilivyo. Akaiwasha, akanitazama: "Mjomba, mbona imeshafika?" Anaitumia mpaka leo.

*Nafasi.* GB 240 hadi 500 ndizo zinazonunuliwa sana. GB 120 zipo bado na bei inavutia, lakini Windows na masasisho yake zitaijaza kabla hujaweka wimbo hata mmoja.

*Umeme na misukosuko.* Kuanguka haiogopi. Kukatika kwa umeme ni habari nyingine. SSD huwa na ramani yake ya ndani inayosema kila kipande cha data kimekaa chipu gani, na ramani hiyo inaandikwa upya kila mara. Za nyumbani, hasa za bei ya chini, hazina kapasita (vijihazina vya umeme) za kuishikilia ramani umeme unapokata ghafla. Mara nyingi inajirekebisha ikiwaka. Mara chache hairekebiki, na diski nzima inatoweka. Kompyuta mpakato yenye betri nzima imeshakingwa. Ya mezani inahitaji UPS, kasha la betri linaloishikilia mashine umeme ukikatika, hata ile ndogo ya dakika tano.

*Inavyokufa.* Hapa ndipo watu wanaposhangaa. Muuzaji atakuambia kuhusu uchakavu wa chipu, na kwa nyumbani hiyo ni hofu ya bure. Chukua Samsung 870 EVO ya GB 500: mtengenezaji anaikadiria kuandikwa TB 300. Ukiandika GB 40 kila siku ya Mungu, unamaliza baada ya miaka 20. Kinachoua ni chipu inayoongoza nyingine, na hiyo haiagi. Jioni ulikuwa unafanya kazi, asubuhi mashine inasema haioni diski. Hakuna tik tik, hakuna onyo. Isitoshe, ukifuta faili, Windows inaiambia SSD isafishe sehemu ile, na baada ya muda mfupi hata fundi mkongwe hana la kuokota. Na usiifungie kabatini miaka mingi kama sanduku la urithi: chaji iliyobeba data huvuja polepole ikikosa umeme, hasa kwenye SSD iliyokwisha kuchakaa.

*Kuingia.* Karibu kila mashine ya mtumba utakayoikuta mjini inaipokea. Kwenye kompyuta ya mezani nafasi huwa ya inchi 3.5, na kama hujapata kishikio, gundi ya pande mbili inatosha. Haina kinachotikisika ndani. Kwenye kompyuta mpakato yenye sehemu ya DVD kuna ujanja mzuri: toa DVD, weka kishikio cha diski cha milimita 9.5 au 12.7 kulingana na unene wake, hamishia humo diski ya zamani, na SSD ikae mahali pa diski kuu. Jiko na ghala kwenye mashine moja.

*Anayefaa.* Mwenye mashine ya miaka kumi ambayo bado ina uhai. Kikwazo kimoja tu: msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na SSD haiwezi kuifanya prosesa ya zamani ikubalike rasmi na Windows 11. Huyo ama ahamie Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, ama atumie akijua.

NVMe

*Kasi.* Hii inapita kwenye njia ya PCIe, barabara pana kuliko ya SATA. Za kizazi cha tatu hufika MB 3,500 kwa sekunde, za kizazi cha nne karibu 7,000. Ukitoka kwenye diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote utaona usiku na mchana. Ukitoka SATA kwenda NVMe, kwa kuandika barua na kufungua kivinjari, utaona sekunde chache na baada ya wiki utazisahau. Anayeona tofauti ni anayehamisha mizigo. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde (megabiti nane ni megabaiti moja) inazalisha GB 45 kila saa. Mpiga video wa harusi anarudi nyumbani usiku na GB 150 au 200. Kuhamisha GB 200 kutoka diski hadi diski kwa MB 120 ni kama dakika 28, kwa MB 500 ni dakika 7 kasoro, kwa MB 3,000 ni dakika moja na sekunde saba. Ila jihadhari na za bei ya chini zenye chipu za QLC, zinazobana biti nne kwenye kila kijichumba badala ya tatu za TLC: zinaanza kwa mbio, sehemu ya haraka ikijaa zinaweza kushuka hadi mwendo wa diski ya kuzunguka, na wewe ndio kwanza uko nusu ya harusi.

*Nafasi.* Bei yake imeisogelea sana ya SATA, wakati mwingine inalingana. Kama mashine inazipokea zote mbili, sioni sababu ya kuikwepa.

*Umeme na misukosuko.* Kama SATA, ukiongeza joto. Ikichapwa kazi nzito inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Bamba dogo la alumini juu yake linasaidia. Linasaidia zaidi kusafisha feni, hasa kwetu tulio karibu na maji, ambapo wadudu wa ziwani wakija na mawingu yao kufuata taa, asubuhi unawakuta ndani ya mashine.

*Inavyokufa.* Kimya vilevile. Kuna jambo la nyongeza kwa kompyuta mpakato mpya: nyingi zenye Windows 11 zinafunga diski kwa ufunguo wa siri bila mwenyewe kujua. Mazabodi ikiharibika, NVMe yako nzima utaitoa, utaichomeka kwingine, na itakudai tarakimu 48. Zitafute leo kwenye akaunti yako ya Microsoft, uziandike kwenye daftari.

*Kuingia.* Hapa pesa nyingi zimepotea. M.2 ni umbo la tundu, NVMe ni lugha inayozungumzwa ndani yake. Kuna SSD zenye umbo la M.2 zinazozungumza SATA, na tundu linaloelewa lugha moja si lazima lielewe nyingine. Kwa kawaida yenye pengo moja kwenye meno yake ni NVMe, yenye mapengo mawili ni SATA, lakini usitegemee jicho peke yake. Soma kitabu cha mashine. Dell OptiPlex 7010 ile ya mwaka 2012, ambayo imejaa maofisini na sasa majumbani, haina tundu la M.2 kabisa. Kwa kawaida ni mashine za Intel za kizazi cha sita kuendelea zinazoanza kuwa nalo. Kuna kadi za kuchomeka NVMe kwenye tundu la PCIe la mashine ya zamani, nayo itaisoma kama ghala, ila nyingi hazitaweza kuwashia Windows humo.

Kuifunga ni kazi ya dakika tano. Unaiingiza kwa mshazari, inasimama imeinuka kama mdomo wa mtumbwi, unaibonyeza ilale, unaifunga kwa skrubu moja. Skrubu hiyo ni ndogo kuliko punje ya mchele na haiuzwi kila duka. Tandika kitambaa cheupe chini kabla hujaanza.

*Anayefaa.* Mwenye mashine ya miaka ya karibuni, na anayehamisha video.

Diski ya nje

Sasa kile kisa cha mchubuko. Nilikuwa nanakili video za harusi ya mdogo wangu, diski iko ukingoni mwa meza, kebo inaning'inia. Mtoto akapita mbio, mguu ukanasa kwenye kebo, diski ikaruka hadi sakafuni ikiwa inazunguka. Kimo cha meza tu, chini ya mita moja. Nilipoichomeka tena ilitoa tik, tik, kisha kimya. Video zilipatikana kwa sababu nakala nyingine ilikuwa Sengerema kwa baba mdogo, nilimpelekea aangalie Krismasi. Siwezi kusema nilipanga.

*Kasi.* Inategemea tundu unalochomeka. USB 2.0 kwa hali halisi hupitisha MB 35 hivi kwa sekunde, kwa hiyo zile GB 200 zitakula saa moja na dakika 35. USB 3.0, ambayo mara nyingi tundu lake ni la buluu, itaiacha diski ya kuzunguka ikimbie kadiri inavyoweza.

*Nafasi.* TB 1 hadi 6 kwa zile ndogo zinazojitosheleza kwa umeme wa USB. Kubwa za inchi 3.5 zinataka adapta yake ya ukutani. Zipo pia SSD za nje, na kama yangu ingekuwa ya aina hiyo nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia, ila bei inapanda.

*Umeme na misukosuko.* Uzuri wake ni kwamba unaweza kuichomoa. Ngurumo zikianza upande wa ziwa usiku, diski iliyo kabatini haina habari na radi, wakati iliyofungwa ndani ya mashine inategemea bahati na kilinda umeme. Mezani iweke katikati, mbali na ukingo. Mengine mmeyasikia.

*Inavyokufa.* Kwa kuanguka, au tundu lake la kebo kulegea. Nyingi ndogo za kisasa zina tundu la USB lililochomelewa kwenye saketi ya diski yenyewe, kwa hiyo ukibandua kasha hukuti SATA ndani ya kuhamishia kwingine.

*Kuingia.* Popote. Ukibadilisha diski ya kompyuta mpakato, ile ya zamani kama bado nzima itie kwenye kasha la USB, unakuwa na ya nje kwa bei ya kasha.

*Anayefaa.* Kila mwenye kitu asichotaka kukipoteza, lakini iwe nakala ya pili. Ukihamishia picha zote huko ukafuta za kwenye kompyuta, bado una nakala moja tu, umeihamisha chumba.

Na feki. Diski ya nje ya TB 16 saizi ya kiberiti kwa bei ya mlo wa familia haipo duniani. Ndani huwa na kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofundishwa kudanganya: inakubali kila unachoandika, ikijaa inaandika juu ya vya zamani. Kabla hujaiamini diski yoyote, endesha programu ya H2testw, au F3 kama uko kwenye Linux. Inaijaza mpaka mwisho kisha inasoma kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Kwa diski kubwa ya kuzunguka kazi hiyo inakula usiku mzima. Patana na muuzaji siku tatu za kurudisha.

Kuiandaa

Diski mpya ya ndani haionekani mpaka uiandae. Andika diskmgmt.msc kwenye sehemu ya kutafutia, Windows itakuuliza MBR au GPT, namna mbili za kuandika ramani ya migawanyo ya diski. Chagua GPT; MBR inaishia TB 2 hivi, na Windows 11 inataka GPT kwa diski ya kuwashia. Kisha fomati kwa NTFS, mpangilio wa Windows wa kutunza faili. Ya nje utakayoipeleka pia kwenye Mac, fomati kwa exFAT, ila televisheni nyingine hazisomi exFAT, ijaribu kwanza. FAT32 iachie flashi ndogo, haipokei faili linalozidi GB 4.

Kuhamisha Windows ya zamani kwenda SSD kunawezekana kwa kunakili diski nzima kwa Clonezilla, ya bure, ingawa sura yake inatisha: maandishi meupe, hakuna kipanya. Soma mara mbili ipi ni chanzo na ipi ni kituo. Nimeona mtu akinakili diski tupu juu ya diski iliyojaa. Kama Windows yenyewe imechoka, mimi huweka mpya.

Na unapoweka Windows mpya kwenye SSD, chomoa kebo ya diski nyingine zote. Usipofanya hivyo, Windows inaweza kuweka kipande chake cha kuwashia kwenye ile ya ghala, na siku utakapoitoa, mashine haiwaki na hujui kwa nini. Ikishakaa sawa, rudisha ghala, kisha hamishia mafolda ya picha na nyaraka huko kupitia sifa (Properties) za kila folda. Defragi, yaani kupanga upya vipande vya faili vilivyotawanyika, usiifanye kwenye SSD. Haisaidii kitu na inaichakaza.

Kwa hali yako

Una kompyuta mpakato ya zamani na pesa ya kitu kimoja: SSD ya SATA ya GB 240 au zaidi, na diski iliyotoka iende kwenye kasha la USB.

Una kompyuta ya mezani ya familia, watoto, michezo, picha: SSD ndogo kwa jiko, diski ya kuzunguka kwa ghala, UPS kabla ya kioo kipya. Kama bajeti inabana mpaka lazima uache kimoja, na umeme wa mtaani kwenu ni wa kubahatisha, anza na UPS na diski uliyonayo.

Unapiga video za harusi: NVMe yenye chipu za TLC ya TB 1 kwa kazi inayoendelea, diski kubwa ya kuzunguka kwa zilizokwisha, na ya nje ya kumkabidhi mteja, ambayo kwa siri ni nakala yako ya tatu.

Una duka na hesabu zako hazifiki hata GB 5: usinunue kasi. Chukua diski mbili za nje ndogo, moja iende na wewe nyumbani kila Ijumaa, zibadilishane.

Una kompyuta mpakato mpya yenye NVMe ya GB 256 iliyojaa: fungua kifuniko cha chini uone kama kuna tundu la pili. Likiwepo, ongeza. Lisipokuwepo, badilisha kwa kubwa zaidi, baada ya kuandika zile tarakimu 48.

Una picha za wazazi tu na hutaki mambo mengi: diski mbili za kuzunguka za nje, ikiwezekana za watengenezaji wawili tofauti. Moja kwako, moja kwa ndugu ng'ambo ya maji, Nansio au kwingine. Mkikutana sikukuu, zichomekeni zote mbili, mfungue picha kadhaa za kwanza na kadhaa za mwisho, ndipo kila mmoja aondoke na yake.